Mkono Usifunikwe: Madhara ya Kanyula kwa Mtoto Mchanga

Wauguzi wenzangu, wakunga, madaktari, na nyinyi akina mama mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nianze na mtoto mmoja. Alizaliwa njiti, kilo moja na nusu, na siku ya pili akawekewa dripu ya dekstrozi, yaani maji ya sukari, iliyochanganywa na kalsiamu, kwenye mgongo wa kiganja cha kushoto. Kanyula, yaani kile kimrija laini kinachobaki ndani ya mshipa, niliiweka mimi, na mshipa ulikubali mara ya kwanza. Nikabandika plasta, nikazungushia bandeji isije ikang'oka, kisha kwa sababu ya baridi nikamfunika kanga mbili. Tulikuwa wauguzi wawili usiku ule, na wadi imejaa. Saa nane mama yake akanifuata: "Nesi, mwanangu analia kila nikimgusa huku." Nikamjibu, "Subiri mama, nakuja." Nilifika saa kumi. Nilipofungua bandeji, mkono ulikuwa umejaa hadi karibu na kiwiko, mgumu, ngozi nyeupe inayong'aa. Baada ya siku chache likatoka gamba jeusi, na gamba lilipoanguka likaacha kidonda kirefu kwenda chini. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa kilo moja na nusu anayepewa mililita 80 kwa kila kilo kwa siku anapata mililita 120, yaani mililita 5 kila saa. Kutoka saa nane hadi saa kumi ni mililita 10. Jazeni maji bomba la sindano la mililita 10 mlitazame, halafu mtazame kiganja cha njiti, ambacho ni kidogo kuliko kiberiti. Maji yote yale yalipita nje ya mshipa yakaingia kwenye nyama, na hayo ni ya saa mbili nilizochelewa tu. Dripu ilianza kuvuja saa ngapi? Hakuna aliyejua, maana mkono ulikuwa umefunikwa.

Kuvuja ndilo tatizo tunaloliona kuliko mengine yote. Mshipa wa mtoto mchanga ni mwembamba kama uzi. Hata kanyula ya njano, namba 24, inaujaza karibu wote, na mtoto akikunja mkono ncha inasugua ukuta wa mshipa mpaka unatoboka. Chini ya ngozi hana mafuta ya kumkinga, na ngozi ya njiti ni laini mno. Ndiyo maana dripu ambayo kwa mtu mzima ingekaa siku kadhaa, kwa mtoto huyu huharibika ndani ya siku moja au mbili hata kama uliiweka kwa ustadi. Dripu kuharibika si kosa la mtu. Kosa ni kutokuiona ilipoharibika.

Tena si kila dawa inayovuja ina madhara sawa. Maji ya chumvi ya kawaida yakivuja kidogo, mkono unavimba kisha unanywea. Kalsiamu inaua nyama, na mara nyingine inabaki humo kama mawe madogo. Dekstrozi nzito inavuta maji kutoka kwenye seli, ndiyo maana kwenye mshipa wa mkono au mguu hatuvuki asilimia 12.5. Dopamini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, inabana mishipa midogo mpaka ngozi inakosa damu. Baikabonati na fenobabito, ile dawa ya degedege, nazo zinachoma. Mtoto mwenye dawa mojawapo ya hizi, mkono wake uwe wazi muda wote, na utazamwe kila saa bila kukosa.

Kutazama kwenyewe si kupitisha macho. Gusa: ni baridi? Ni mgumu? Kisha linganisha na mkono wa pili, maana uvimbe mdogo hauonekani ukitazama upande mmoja. Angalia kucha kama damu inarudi upesi ukizibonyeza. Halafu andika kwenye chati, na saa uliyotazama. Wenye pampu msidanganyike. Pampu inalia njia inapoziba. Maji yakienda kwenye nyama laini haisikii kitu, inaendelea kusukuma. Hata damu kurudi kwenye kanyula haithibitishi kwamba mshipa ni mzima. Na msingoje mtoto alie. Njiti mgonjwa sana hana nguvu ya kulia.

Ukikuta imevuja, funga dripu hapo hapo. Usichomoe kanyula kwa haraka: kwanza unganisha bomba dogo la sindano uvute polepole kinachoweza kurudi, ndipo uitoe. Usimsukumie maji "kujaribu kama inapita". Usikande kwa maji ya moto wala usisugue. Ngozi iliyokwisha kuumia inaungua upesi. Inua mkono, chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, andika saa, mwite daktari. Ikiwa dawa ni kali, daktari anaweza kuchoma hayaluronidezi, dawa inayosaidia kilichovuja kusambaa na kunyonywa na mwili, kuzunguka eneo hilo, au kulisafisha kwa maji ya chumvi kupitia matundu madogo. Lakini kazi hiyo ina faida kubwa ikifanyika mapema, saa ya kwanza au karibu na hapo. Kesho yake tunabaki kuhudumia kidonda.

Kuna jambo linaloniuma hata kulitaja. Tunapokosa mpira wa kukazia mkono tunakata kidole cha glavu tukafungia hicho. Mshipa ukipatikana, furaha inatushika, tunabandika plasta, na kile kipande kinabaki juu ya kiwiko, chini ya nguo. Saa chache zinatosha kumpotezea mtoto mkono. Kwa hiyo kabla hujaondoka kitandani, taja kwa sauti: "Mpira nimeutoa." Mwenzako aitike. Na plasta isizunguke mkono mzima kama pingu. Vidole vionekane vyote.

Dripu ya kichwani inawatisha akina mama, nami nawaelewa. Mama, mshipa ule uko chini ya ngozi tu, haufiki kwenye ubongo. Wauguzi, pale karibu na sikio pana ateri. Papaseni kama panadunda kabla ya kuchoma, na ukisukuma maji kidogo ngozi ikageuka nyeupe, toa upesi.

Dripu ya kitovuni ni kazi ya daktari, nitaipitia kwa ufupi. Ncha ikiishia kwenye ini inalijeruhi. Ikizama ndani ya moyo inaweza kutoboa, maji yakajaa kuuzunguka. Picha ya eksirei ithibitishe mahali ilipo. Ikiwa mrija uko kwenye ateri ya kitovu na vidole vya mguu vikawa vyeupe au vya buluu, usingoje raundi ya asubuhi.

Uambukizo mara nyingine hauonekani mkononi. Mlango tuliofungua kwa kanyula ni mlango hata kwa bakteria, na Klebsiela anajulikana sana katika wadi za watoto wachanga za Afrika. Anapita wapi? Njia mojawapo ni chupa moja ya maji ya chumvi tunayochotea watoto wote tangu asubuhi. Najua vifaa ni haba, nimefanya kazi humo humo. Hata hivyo chupa ya mtoto mmoja iwe ya mtoto mmoja. Sugua mdomo wa kanyula kwa spiriti uache ukauke wenyewe. Kupuliza ni kurudisha uchafu. Halafu kumbukeni kwamba mtoto wa kilo moja ana damu kama mililita 90 tu, robo ya chupa ya soda. Kila unachovuta na kila unachosukuma, kwake ni kingi.

Akina mama, nyinyi mnamshika mtoto saa zote. Mkiona mkono umevimba, umebadilika rangi, plasta imelowa, au mtoto anakunja uso ukimgusa, mwiteni nesi. Akisema subiri, mwiteni tena. Msiogope kuonekana wasumbufu. Mama wa yule mtoto aliniambia saa nane, na alikuwa sahihi.

Na kila asubuhi kwenye raundi tuulize kitanda kwa kitanda: dripu hii bado ina kazi? Mtoto ananyonya, dawa zimekwisha, kanyula imebaki "kwa tahadhari" siku ya tatu. Itoeni.

Hapa mezani nimeweka mwanasesere, kanyula za njano, plasta na vibao vya kuegemezea mkono. Naomba wawili waje mbele, mmoja afunge dripu kama anavyofunga kila siku wadini, sisi wengine tutazame kama vidole vinaonekana.