Uwezo wa Kampuni na Mkakati Wake: Mfano wa M-Pesa

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie uhusiano uliopo baina ya uwezo wa kampuni na mkakati wake wa biashara, nami nitautaja msimamo wangu mapema. Ninaamini kwamba mikakati mingi inayoanguka haianguki kwa sababu ililenga soko baya; inaanguka kwa sababu ilidai kazi ambayo hakuna mtu ndani ya kampuni aliyekuwa amezoea kuifanya, na hakuna aliyepewa muda wa kujifunza.

Wataalamu wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1959 mwanauchumi Edith Penrose alieleza kwamba kampuni ni mkusanyiko wa rasilimali, na kwamba manufaa yanayopatikana katika rasilimali hizo hutegemea uzoefu wa watu waliokwisha kufanya kazi pamoja. Mwaka 1990 C. K. Prahalad na Gary Hamel wakawahimiza viongozi waitazame kampuni kama hazina ya umahiri, badala ya kuiona kama fungu la idara na bidhaa. Sitakaa sana kwenye nadharia. Ninaposema uwezo, simaanishi mitambo wala vyeti vya wafanyakazi. Namaanisha jambo ambalo kundi la watu limelifanya leo na litaweza kulifanya kesho kwa kiwango kilekile, hata kama aliyelisimamia leo yuko likizo.

Tuchukue M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007. Chimbuko lake ni mradi wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, uliosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, na majaribio yaliyoanza mwaka 2005 yalikusudia kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Majaribio yalipoendelea, ilionekana kwamba wateja walikuwa wakiitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo hayakupangwa, kama kutumiana pesa wao kwa wao, kulipana katika biashara, hata kuweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikokwenda. Marejesho ya mikopo yakaachwa, na huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Hapo pana uwezo ambao kwa maoni yangu hausifiwi inavyostahili, yaani kumtazama mteja anafanya nini hasa, kisha kukubali kuubadili mpango uliokwisha kuandikwa na kugharimiwa.

Lakini nguvu kubwa ilikuwa kwa mawakala. Safaricom ilikuwa imezoea kwa miaka kadhaa kusambaza laini na kadi za kukwangua kupitia wafanyabiashara waliotapakaa mijini na vijijini. Iliwajua, ilijua namna ya kuwalipa kamisheni, na wao waliijua kampuni. Huduma ya pesa ilipokuja, mtandao huo haukuanzishwa kutoka sifuri. Hata hivyo, kuuza kadi ni jambo moja na kushika pesa za watu ni jingine. Wakala anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: pesa taslimu mkononi na floti, yaani salio la pesa za kielektroniki, kwenye simu. Mjini watu huweka pesa, kwa hiyo wakala huishiwa floti huku droo ikijaa noti. Kijijini jamaa zao hutoa, kwa hiyo wakala wa huko hubaki na floti nyingi na droo tupu. Mama aliyetembea kilomita nyingi hadi kwa wakala akaambiwa hakuna pesa hatasema kwamba wakala ameishiwa. Atasema M-Pesa ni ya uongo, na majirani watamwamini. Ndiyo maana kazi ya kusawazisha pesa na floti kila siku, kupitia mawakala wakuu na benki, pamoja na kuwafundisha mawakala, kuwatembelea na kukagua daftari zao za miamala, ilikuwa kiini cha mkakati. Kazi hiyo haionekani kwenye tangazo la televisheni, na mshindani aliyenunua programu ya kompyuta iliyo bora zaidi bado asingekuwa nayo.

Tazameni sasa Afrika Kusini. Vodacom, ambayo Vodafone ndiyo mwenye hisa nyingi, iliizindua M-Pesa huko mwaka 2010 ikishirikiana na benki ya Nedbank, kwa lengo la kupata wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2016 huduma ilifungwa ikiwa na wateja hai wasiofika 100,000. Jina lilikuwa lilelile, na wazo lilelile. Ni kweli kwamba mazingira yalikuwa tofauti, kwa maana Waafrika Kusini wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikwisha kuwa na huduma ya kutuma pesa. Wapo wanaosema kwamba hilo linatosha kueleza kila kitu. Mimi naona linathibitisha hoja yangu: katika soko lile, uwezo wa kumfikia mtu asiye na benki haukuwa adimu, kwa sababu wengine walikuwa nao tayari, na uwezo usio adimu hauwezi kubeba mkakati hata ukitekelezwa vizuri.

Tanzania, ambako Vodacom ilianza mwaka 2008, ilikwenda polepole mwanzoni na kisha ikashika kasi, kwa kuwa mtandao wa mawakala ulihitaji kujengwa, na ujenzi huo hauharakishwi kwa kuongeza bajeti peke yake.

Swali gumu zaidi linabaki: uwezo upi kampuni iumiliki, na upi iuazime? Kukadiria nani atalipa deni si kazi ambayo kampuni ya simu imeizoea, na Safaricom ilipotaka kuingia kwenye mikopo mwaka 2012 ilishirikiana na Commercial Bank of Africa kuanzisha M-Shwari, benki ikaleta utaalamu wake na kampuni ikaleta wateja na kumbukumbu zao. Ninaona huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kinyume chake, mitambo ya M-Pesa ilikuwa nje ya Kenya hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa nchini kutoka Ujerumani, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikakamilisha ununuzi wa jina na umiliki wa M-Pesa kutoka Vodafone. Baada ya miaka 13, kampuni zilizoifanya kazi yenyewe kila siku, zikiwa na mawakala, wateja na floti, ndizo zilizopata mamlaka ya kuamua huduma hiyo ikue vipi, bila kusubiri idhini ya makao makuu ya Vodafone.