Maji kwanza, kiberiti baadaye: mazungumzo na wakulima wa maweni, Ukongoroni

Assalamu alaykum. Sheha, wazee wangu, mama zangu.

Kijana mmoja hapo nyuma kaniona nashusha mpira wa maji na pampu, akaniuliza nani kaunguliwa. Hajaunguliwa mtu. Leo moto tunauwasha wenyewe kusafisha konde, shamba letu, na maji haya kazi yake ni kuuwekea mpaka.

Konde mmeshalifyeka, na njia ya kuzuia moto mmeilima pembeni. Hiyo njia ndiyo ngao. Mpira haushiki nafasi yake. Maweni hapa, ardhi yetu hii ya mawe, hayana mto, na kila tone tumelileta na gari ya ng'ombe. Basi tufanye hesabu. Ukirowesha ukanda wa mita 100 kwa upana wa mita 1, lita moja kila mita ya mraba, umetumia lita 100: madumu matano. Hayo si mengi. Lakini jua hili la msimu wa kaskazi litaukausha ukanda wako wakati nyinyi bado mnatafutana. Kwa hiyo hatutangulii kurowesha konde zima tukaja kuwasha baadaye. Anatangulia mwenye mpira. Nyuma yake, hatua chache tu, mwenye kuwasha, naye anawasha upande wa ndani wa ule unyevu. Wa tatu ana bomba la mgongoni, macho yake yako nje ya konde. Huyo asitazame moto mkubwa, hata ukivutia vipi. Anatafuta cheche iliyoruka.

Tunaanzia wapi? Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo tunaanza kusini-magharibi, upande unaotazama msitu wa Jozani, wanakokaa kima punju, wale kima wekundu. Moto urudi polepole dhidi ya upepo.

Sasa mdomo wa mpira. Wengi wanapenda maji yaruke mbali kama mshale. Mimi pia nilipenda, mpaka siku moja nikamaliza pipa zima kwenye kichaka kimoja, maji yote yakanywewa na mawe. Kuyapasha maji ya kisima mpaka yatokote hakuli joto jingi. Kuyageuza mvuke ndiko kunakokula, karibu mara 7 ya hapo. Maji yaliyopita yakatiririka hayajafanya kazi hiyo. Fungua mdomo yatoke kama manyunyu, uelekeze chini, kwenye majani yanayoungua, si kwenye ndimi. Mshale tunauweka kwa ajili ya mashimo: majani na mizizi iliyojazana baina ya mawe, moto unalala humo. Piga maji, koroga kwa jembe, piga tena, halafu sogeza mgongo wa mkono karibu usikilize joto. Jioni mtu arudi, na asubuhi arudi tena.

Bomba la mgongoni la lita 20 likijaa linapita kilo 20, na mawe haya mnayajua. Msimpe mtoto. Na likiwa lilipigia dawa tungule, yaani nyanya, lioshwe kwanza. Dawa nyingine zimechanganywa na mafuta yanayoshika moto.

Bibi ananiuliza kuhusu maji ya bahari, kwa kuwa ghuba ya Chwaka iko hapo tu. Yanazima, bibi, sawasawa na ya kisima. Ila chumvi inabaki kwenye udongo, na udongo wenyewe hapa ni wa kuokota mawe kwa mawe. Moto ukivuka mpaka, tumieni bila kusita. Kisha pampu ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, maana chumvi inakula chuma.

Haya, pampu ianze. Mwenye chujio aliweke kabla hatujavuta mchanga.