Mwenzetu wa Shule Akifariki: Kazi ya Waliosoma Naye

Ndugu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vyama vya wahitimu, asanteni kwa kufika.

Familia inamjua marehemu tangu utotoni, na ofisi inamjua tangu alipoajiriwa. Miaka ya bweni, iwe minne au sita, tunaijua sisi. Wazazi walimwona likizo tu, na mke na watoto hawakuwapo kabisa. Kwa hiyo deni letu la kwanza msibani ni hiyo miaka, tuifikishe ikiwa sahihi. Rambirambi inafuata.

Tanzia kwanza. Habari ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, isisambazwe mpaka mtu mmoja ampigie ndugu wa karibu na kuuliza mambo mawili: ni kweli? Wazazi na watoto wameshaambiwa? Mtoto aliye shule ya bweni mkoa mwingine hastahili kujua kifo cha baba yake kupitia simu ya rafiki. Mkishathibitisha, andikeni jina alilotumia shuleni pamoja na la sasa, hasa kwa wanawake waliobadili jina walipoolewa. Bila hivyo wengi hawatamtambua, au watamlilia mwenye jina kama lake aliye hai. Ongezeni mwaka wa kumaliza, mkondo, bweni, mahali msiba ulipo na saa ya maziko. Kwa Mwislamu maziko mara nyingi ni siku hiyohiyo, kwa hiyo katibu asisubiri jioni.

Halafu wasifu. Kamati ya msiba huuandika usiku, watu wamechoka, na miaka ya shule hukosewa kirahisi. Chukueni aliyemaliza darasa la saba 1990 hapa Tanzania. Anaanza kidato cha kwanza 1991, anamaliza cha nne mwishoni mwa 1994. Hapo wengi hujumlisha 2 na kuandika kwamba alimaliza kidato cha sita 1996. Sivyo. Kidato cha tano kilianza katikati ya 1995, kwa hiyo alimaliza 1997. Mtumeni aliyesoma naye mkondo mmoja, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), aikague karatasi kabla haijapigwa chapa, maana nakala hiyo ndiyo watoto watakayoitunza.

Salamu zetu zisizidi dakika 3, yaani karibu maneno 300 kwa msomaji asiyekimbia. Hapa ndipo tunapoharibu sana. Msemaji anasimama bila karatasi, anasema marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, na maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote. Ulizeni watu 4 au 5, kila mmoja peke yake: aliyelala naye chumba kimoja, aliyekaa naye dawati moja, mwalimu kama yupo, na mtu ambaye hakuwa rafiki yake. Ukiwauliza pamoja, wa kwanza kusema anawaongoza wote. Tafuteni tukio moja lenye mahali na matokeo: alimfundisha nani hesabu, bwaloni au chini ya mti gani, na yule akafaulu nini. Tukio lililotajwa na wawili bila kuambizana ndilo la kusoma. Jina la utani lililomuumiza, adhabu na mapenzi ya shuleni, acheni. Mjane yupo mbele yenu.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Namba ya kupokelea iwe moja, na mtu wa pili aone kila muamala. Orodha itoke kila jioni ikitenganisha ahadi na kilicholipwa, kwa kuwa ugomvi mwingi huzaliwa kwenye mchanganyiko huo. Hesabuni makato ya kutoa kabla ya kutangaza jumla. Mkikabidhi, wawepo mashahidi wawili na saini. Kumbukeni pia kwamba fedha inayopewa kamati itaishia kwenye jeneza, usafiri na chakula. Mkitaka kusaidia ada, ikusanyeni kando na mlipe shuleni moja kwa moja.

La mwisho ni picha, na mimi naona ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Ile ya darasa ipigeni kwa simu mchana, kivulini, ikiwa imelala juu ya meza, bila flashi, maana flashi huacha doa jeupe usoni mwa watu. Iliyoganda kwenye albamu msiibandue kwa nguvu. Ipigeni hapohapo ilipo. Mkiituma WhatsApp, itumeni kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na sura za mstari wa nyuma hupotea. Andikeni majina mstari kwa mstari, kuanzia kushoto, kwenye karatasi ya pembeni au nyuma ya nakala kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Wiki ya maziko nyumba imejaa watu na vitu hupotea. Ipelekeni baada ya arobaini, nakala moja kwa wazazi na moja kwa watoto, na aende mtu aliyemo kwenye picha, awajibu watakayouliza.