Meli za vita vya Ziwa Tanganyika kwa mabaki ya mbao

Karibuni. Leo tunachonga meli mbili za mchezo wa vita wa mezani. Moja ni Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyingine ni Mimi, boti ya Waingereza iliyopitishwa Kongo kwa reli na kukokotwa porini hadi ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Jina hilo ni la Kifaransa, watoto wanavyomwita paka. Mwenzake aliitwa Toutou, mbwa.

Kipimo chetu ni 1 kwa 300: sentimita 1 ni mita 3. Götzen ina mita 71 hivi, kwa hiyo kata sentimita 24, upana 3.3. Mimi ina mita 12, basi sentimita 4 tu, upana milimita 8. Tafadhali usiikuze ili ipendeze. Lazima mchezaji aone alikuwa anapambana na nini.

Mbao nimeokota kwa seremala: msonobari, unene sentimita 1.5. Nausogeza kwenye kamera. Unaiona mistari hii? Nyuzi ziende kwa urefu, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Zikikatisha, omo inameguka mkononi ukishaifanya nyembamba. Kipande chenye fundo achana nacho. Ukipata mkangazi, jamii ya mahogani, uwekee Mimi, maana yenyewe ilikuwa ya mahogani.

Piga mstari wa katikati juu na kwenye ncha zote mbili, wala usiufute. Chora omo, kata kwa msumeno nje kidogo ya mstari, kisha shika msasa namba 80. Hapa usiwe na haraka. Sugua mara kumi kulia, mara kumi kushoto, halafu inua meli usawa wa jicho. Mstari ukiangukia katikati ya ncha, uko vizuri. Ukikimbilia upande, sugua upande wa pili peke yake. Chini acha bapa, ikae mezani kama iko majini.

Vyumba vya juu ni kadibodi na gundi ya mbao. Götzen ndiyo meli ya Liemba ya Kigoma, ila ukifuata picha za leo utakosea, kwani sehemu ya juu ilibadilishwa baadaye. Dohani ni penseli iliyopunguzwa kwa msasa, milingoti miwili ni vijiti vya meno. Mzinga wa mbele ni waya: ule wa milimita 105 ulitolewa kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozamishwa Rufiji Julai 1915.

Paka gundi iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, pitisha msasa namba 240, ndipo upake rangi. Nimetumia kijivu.

Februari 1916 Götzen ilionekana ziwani, na kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, akakataa kutoka kupigana nayo. Rangi ikikauka, ziweke mezani, mpe mwenzako Mimi, uone kama yeye atatoka.