Anko na Mkojo wa Sukari: Sio Kila Kitu UTI

DADA: Haya tumerudi, leo tunaongelea kukojoa na mtu asilete aibu maana wote humu tunakojoa. Anko, mwenye sukari ni wewe, anza.

ANKO: (anacheka) Asante kwa kunitangaza. Mwaka wa sita huu, aina ya pili. Kabla sijapimwa nilikuwa navijua vyoo vyote vya kulipia Mbagala hadi Kariakoo, yaani napanda daladala nimetoka chooni, tukifika Mtongani foleni imekaza, mkojo huo! Usiku naamka mara tano, wife anahisi naenda kupokea simu.

DADA: Na sisimizi je?

ANKO: Walikuja bwana. Sukari ya damu ikivuka kama 10 hivi kwenye kile kimashine cha kidole, figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo na inavuta maji inaondoka nayo, ndo maana unakojoa afu una kiu balaa. Mi mjanja nikapunguza kunywa maji.

DADA: Jamani!

ANKO: Nikakauka midomo na sukari ikapanda. Afu mkojo ukaanza kuunguza, nikajua UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nakimbilia duka la dawa, sipro, ile antibiotiki, siku mbili nikipata nafuu naacha, mwezi ujao imerudi. Mara tatu hivyo. Kuja kupigwa altrasaundi, nimetoka kukojoa saa hiyohiyo, mikono bado mibichi, daktari ananiambia humo ndani zimebaki mililita 200 na ushee.

DADA: We si umetoka chooni?

ANKO: Ndo hapo sasa. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, ileile ganzi ya miguuni inafika mpaka kwenye kibofu. Husikii kama kimejaa, na ukikojoa hakiishi. Mkojo umelala humo, mtamu, bakteria wakose kuhamia?

DADA: Maji ya ndoo ya juzi hayo.

ANKO: Saizi nakojoa kwa alamu, kila masaa matatu, unibane usinibane, namaliza, natulia kidogo, najaribu tena. Na ikiungua, mkojo unaoteshwa maabara kwanza ndo napewa dawa.

DADA: Mamdogo wangu yeye alianzishiwa dapagliflozini, dawa ya sukari, muda si mrefu muwasho huko chini, akamgeuzia kibao bamdogo kwamba kamletea ugonjwa, nyumba haikulalika! Kumbe fangasi tu, dawa yenyewe kazi yake kuitoa sukari mwilini kupitia mkojo. Bamdogo mpaka leo anadai samahani yake.

ANKO: Apewe! Na wazee wenzangu, mkojo ukitoka kwa kusuasua inaweza kuwa tezi dume, sio kila kitu sukari. Povu lisiloisha, pima protini, figo hizo, na hata bila povu kila mwaka upime. Homa na maumivu ya ubavuni usisubiri kesho, nenda hosp–

(alamu inalia)

DADA: Hee! Ndo yenyewe?

ANKO: Yenyewe. Nipe dakika mbili.

DADA: Mbili za kukojoa mara mbili? Chukua tano, Anko.