Kupeleka Programu kwa Watumiaji Bila Kusubiri Mbalamwezi

Karibu, ndugu mtazamaji. Video hii imerekodiwa katika ofisi yetu ndogo iliyopo Mwanga, mjini Kigoma, na inaonyesha jinsi kampuni zinavyotumia zana za kiotomatiki kuunganisha kazi za waandishi wa programu, kuipima kazi hiyo na kuifikisha kwa watumiaji pasipo mtu kunakili faili kwa mkono. Nitatumia mfano wa mfumo tunaoutunza wenyewe, ambao wafanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi huutumia kuandika uzito wa mizigo na fedha wanazodaiana.

Kabla ya kugusa kibodi, nieleze tulikotoka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hazivuti samaki vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Sisi nasi tulizivizia siku hizo ili tubadilishe mfumo, kwa kuwa hapakuwa na mzigo wa kuandika. Tulijiona wenye busara, kumbe tulikuwa tukilimbikiza matatizo: kazi ya mwezi mzima ya watu watatu ilikutana kwa mara ya kwanza katika usiku mmoja, na hitilafu ilipojitokeza hakuna aliyeweza kusema imeletwa na badiliko lipi. Mwezi mmoja intaneti ilikatika tukiwa katikati ya kunakili faili, seva ikabaki nusu mpya na nusu ya zamani, na wavuvi waliporudi majini wateja wetu wakaandika mizigo kwenye madaftari kwa siku mbili.

Jambo la namna hiyo limewapata hata wenye fedha nyingi. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyofanya biashara ya hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 katika muda wa dakika 45 hivi, kwa sababu programu mpya ilikuwa imewekwa kwa mkono kwenye seva saba kati ya nane na ile ya nane ikasahaulika.

Sasa tuanze. Hatua ya kwanza ni kuweka msimbo wote, yaani maandishi ya programu, katika hifadhi moja ya Git, zana inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, na kukubaliana kwamba kila mwandishi ataunganisha kazi yake na tawi kuu, yaani nakala ya pamoja ya msimbo, angalau mara moja kwa siku. Hapa ninatumia GitLab, huduma inayohifadhi msimbo na kuendesha kazi za kiotomatiki, ingawa ungeweza kufanya kazi hii hii kwa GitHub Actions, au kwa Jenkins, ambayo hadi mwaka 2011 ilijulikana kwa jina la Hudson. Zana hutofautiana kwa sura tu. Makubaliano ya kuunganisha kila siku ndiyo magumu, kwa sababu kila mmoja wetu hupenda kukaa na kazi yake mpaka ing'ae.

Hatua ya pili ni kuandika majaribio, na hapa ninakuomba usiwe na haraka. Jaribio ni kipande cha msimbo kinachoita sehemu ya programu na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Tazama kwenye skrini: jaribio la kwanza linasema mifuko mitatu ya kilo 25 iwe kilo 75, nalo linaonekana la kitoto. La pili ndilo lenye thamani, kwa kuwa linahakikisha kwamba mfanyabiashara akilipa sehemu ya deni kisha akachukua mzigo mwingine siku hiyo hiyo, salio halihesabiwi mara mbili. Tuliliandika baada ya mteja kulalamika, na hiyo ndiyo kanuni ninayokushauri uifuate: kila hitilafu inayoripotiwa iandikiwe jaribio kwanza, ndipo irekebishwe. Usijaribu kupima kila kitu siku ya kwanza. Anza na fedha.

Hatua ya tatu, fungua faili mpya katika folda kuu ya mradi na uiite .gitlab-ci.yml, ukianza na nukta. Juu kabisa, chini ya neno "stages", orodhesha ngazi za kazi kwa mpangilio wake: kujenga, kupima, kusambaza. Kisha andika kila kazi kwa jina lake pamoja na amri zitakazotekelezwa. Zingatia nafasi mwanzoni mwa mistari, kwani nafasi moja iliyozidi huweza kuliharibu faili zima. Amri yoyote ikishindwa, kazi yake huhesabiwa kuwa imeshindwa na ngazi inayofuata haianzi, kwa hiyo msimbo uliokosea haufiki kwa mteja.

Amri hizo hutekelezwa na programu iitwayo GitLab Runner. Yenyewe ndiyo huuliza GitLab kama kuna kazi, kwa hiyo inaweza kukaa kwenye kompyuta isiyofikiwa kutoka nje. Sisi tumeiweka kwenye kompyuta ya kukodi iliyo karibu na seva yetu, wala si hapa ofisini, ili intaneti ya Kigoma ikikatika kazi iendelee huko huko.

Nywila na funguo za seva usiziandike kamwe kwenye faili hili. Ziweke katika sehemu ya vigezo kwenye mipangilio ya mradi, uzifiche zisionekane kwenye kumbukumbu za kazi, na uruhusu zitumike kwenye matawi yaliyolindwa pekee, yaani yale ambayo si kila mtu anaruhusiwa kuyabadilisha.

Tumefika kwenye usambazaji. Badala ya kufuta faili za zamani na kuweka mpya juu yake, kazi yetu huunda folda mpya kwa kila toleo, hunakili kila kitu humo, na mwisho kabisa huhamisha kiungo kimoja, yaani njia ya mkato inayoielekeza seva folda ya kutumia, kitoke kwenye folda ya zamani kielekee kwenye mpya. Mtandao ukikatika katikati ya kunakili, kiungo hakijaguswa na wateja wanaendelea na toleo la jana. Toleo jipya likileta shida, tunakirudisha kiungo nyuma.

Nitoe tahadhari moja: kurudisha kiungo hakurudishi hifadhidata, yaani mahali rekodi za mizigo na fedha zinapotunzwa. Ukitaka kubadilisha jina la safu ya jedwali katika hifadhidata, kwanza ongeza safu mpya, acha programu iandike kwenye zote mbili, na uifute ya zamani katika toleo la baadaye, utakapokuwa na hakika kwamba hakuna anayeisoma.

Kwa kazi hii ya mwisho tumeongeza mstari "when: manual", unaoleta kitufe cha kubonyezwa na mtu baada ya majaribio yote kupita. Kampuni nyingine hukiondoa kitufe hicho na kila badiliko likaenda moja kwa moja kwa watumiaji. Sisi tumekibakiza, kwa sababu majaribio yetu bado ni machache.

Sasa ninaunganisha badiliko la leo, ambalo ni mstari mmoja tu kwenye risiti. Alama ya kujenga imekuwa ya kijani, na ya kupima vilevile. Ninabonyeza kitufe. Ni saa sita mchana, mwezi ni mwembamba na usiku huu mitumbwi itatoka. Ninafungua mfumo kama mfanyabiashara wa Kibirizi angeufungua, na risiti mpya ndiyo hii hapa.