Larry Fitzgerald: Misimu 17 ya Kusubiri Mpira wa Mtu Mwingine

Asalaam aleikum, ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanzania, Kenya, Kongo na kwingineko, na karibuni tena kwenye chaneli yetu. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini hapa Phoenix, jimbo la Arizona, watu wazima na heshima zao bado wanavaa jezi namba 11 ya mchezaji ambaye msimu wake wa mwisho ulikuwa ule wa 2020, na ambaye hakuwahi kutwaa ubingwa hata mara moja. Mchezaji huyo ni Larry Fitzgerald, mpokeaji wa pembeni wa timu ya Arizona Cardinals, na leo nitamzungumzia yeye tu.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, kwa sababu asiyeielewa atamwona mpokeaji kama mtu wa kukimbia na kudaka basi. Katika futiboli ya Kimarekani kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10. Mrushaji mkuu, ambaye huku anaitwa kwotabeki, ndiye anayeamua mpira uende kwa nani, naye mpokeaji hukimbia njia iliyokwisha kuchorwa na makocha, kwa mfano hatua kadhaa mbele kisha kukata ghafla kuelekea ndani, na mara nyingi mpira huwa umeshatoka mkononi mwa mrushaji kabla mpokeaji hajageuka kuutazama. Akichelewa kidogo tu, au akikata hatua moja mapema, mpira utaangukia mikononi mwa adui. Tena kuudaka peke yake hakutoshi: ni lazima miguu yake yote miwili iguse nyasi ndani ya mstari, hata kama mwili mzima unaelekea nje na beki amemng'ang'ania mgongoni. Kwa lugha ya soka letu, ni mshambuliaji asiyeweza kufunga ila kwa krosi, na krosi hizo zote zinapigwa na mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo, naona tunakosea tunapompima mpokeaji kwa vikombe. Tumpime kwa kile alichokifanya pale mrushaji wake alipokuwa dhaifu, na kwa kipimo hicho sijui wengi wanaoweza kusimama karibu na Fitzgerald.

Alizaliwa Minneapolis tarehe 31 Agosti 1983. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari za michezo, na kwa njia hiyo kijana alipata nafasi ya kuwa mwokota mipira wa timu ya Minnesota Vikings, akiwatazama kwa karibu wapokeaji wakubwa wa wakati ule, Cris Carter na Randy Moss. Babu yake mzaa mama alikuwa mtaalamu wa macho huko Chicago, naye aliwafanyisha wajukuu mazoezi ya kuona: kufuata vitu vinavyokwenda, kuoanisha jicho na mkono. Miaka mingi baadaye wapiga picha walinasa jambo la ajabu, Fitzgerald akidaka mpira huku amefumba macho. Wapo wanaosema ni matokeo ya mazoezi yale ya babu, kwamba ubongo wake ulikuwa umeshakamilisha hesabu kabla mpira haujafika; mimi nadhani hata mikono yake mikubwa ilisaidia.

Mwaka 2003 mama yake, Carol, alifariki dunia baada ya kuugua saratani ya matiti kwa muda mrefu, na kwa kumbukumbu yake Fitzgerald aliacha nywele zake zikue ndefu. Msimu ule ule, akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alidaka mipira 92 na kufunga tachidauni 22, yaani mara 22 aliufikisha mpira eneo la kufungia, akashika nafasi ya pili katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Mwaka 2004 Cardinals walimchagua akiwa wa tatu kati ya wachezaji wote wapya. Kocha aliyemchagua, Dennis Green, alikuwa ndiye kocha wa Vikings enzi zile za kuokota mipira.

Timu aliyoingia ilikuwa na sifa moja tu kubwa, nayo ni kushindwa. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1947, wakati makao yake yakiwa Chicago; ikahamia St. Louis, kisha ikaletwa huku jangwani mwaka 1988. Uwanja wake wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2006 katika mji wa jirani wa Glendale, una maajabu yake: nyasi zimepandwa kwenye sinia kubwa lenye magurudumu ambalo hutolewa nje ya jengo ili lipate jua, kisha hurudishwa ndani siku ya mechi, mahali penye viyoyozi. Ukiishi na joto letu la Julai utaelewa kwa nini.

Mrushaji bora aliyempata mapema alikuwa Kurt Warner, na wawili hao waliifikisha timu kwenye Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya tarehe 1 Februari 2009, mjini Tampa, dhidi ya Pittsburgh Steelers. Katika mechi za mtoano za msimu ule Fitzgerald alikusanya yadi 546 na tachidauni 7, rekodi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 37, alidaka mpira katikati ya uwanja, akapita baina ya mabeki wawili, akakimbia hadi mwisho, jumla ya yadi 64 tangu mpira ulipoanzia, huku akitupa jicho kwenye skrini kubwa ya uwanjani kuona kama kuna anayemkaribia. Cardinals wakawa mbele 23 kwa 20. Zilipobaki sekunde 35, Santonio Holmes wa Pittsburgh alidaka mpira pembeni kabisa mwa eneo la kufungia, ncha za vidole vya miguu zikigusa nyasi kwa shida, na mechi ikaisha 27 kwa 23. Fitzgerald hakufika tena kwenye Super Bowl.

Warner alistaafu mwanzoni mwa 2010, na hapo ndipo sehemu ya maisha ya Fitzgerald inayonivutia zaidi inapoanza. Msimu wa 2012 pekee warushaji wanne tofauti walianza mechi, na Fitzgerald akaishia na mipira 71, idadi ndogo mno kwa mtu wa kiwango chake. Angeweza kulalamika hadharani au kudai auzwe, kama walivyofanya nyota wengine wa nafasi yake. Ni kweli pia kwamba mwaka 2011 alikuwa amesaini mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya hadi dola milioni 120, kwa hiyo tusimfanye fukara aliyevumilia kwa ajili ya Mungu.

Mwaka 2013 alikuja kocha Bruce Arians, akamtoa pembeni na kumsogeza ndani, karibu na majitu ya mstari wa mbele, mahali ambapo mpokeaji anatakiwa kuwazuia mabeki kwa kifua ili mwenzake apite na mpira. Si jambo jepesi kwa nyota aliyekuwa akitimiza miaka 30. Yeye aliifanya kazi hiyo ya manamba, na matunda yake yakaonekana: kuanzia 2015 hadi 2017 alidaka mipira 109, kisha 107, kisha 109 tena, na ile 107 ya mwaka 2016 iliongoza ligi nzima. Alipoacha kucheza alikuwa na mipira 1,432 na yadi 17,492, na aliyekuwa mbele yake katika orodha zote mbili ni Jerry Rice peke yake. Mwaka 2016 huo huo alihitimu shahada ya chuo, ahadi aliyokuwa amempa mama yake.

Kwa anayetaka kutazama mechi yake moja tu, basi atafute ile ya Januari 2016 dhidi ya Green Bay Packers, hapo hapo Glendale. Muda wa kawaida uliisha 20 kwa 20 baada ya Packers kusawazisha kwa mpira wa kubahatisha wa sekunde ya mwisho, na hata sarafu ya kuamua nani aanze muda wa nyongeza ilibidi irushwe mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haikupinduka. Mrushaji Carson Palmer aliponyoka mikononi mwa mabeki, akageuka, akamwona Fitzgerald yuko peke yake upande wa pili, naye akaudaka na kuusogeza mpira jumla ya yadi 75 akiwapangua watu mmoja baada ya mwingine, hadi zikabaki yadi 5 tu. Majaribio mawili baadaye Palmer alimpa mpira wa karibu kama anayemkabidhi mwenzake kifurushi, na namba 11 akaumaliza mchezo.